Gari la kujiundia na dereva wa futi 6 na inchi 4: kisa kizima, kuanzia makalio hadi helmeti

Kisa chenyewe ni cha gari moja tu, la mtindo wa Lotus Seven, lililojengwa kwenye gereji ya nyumbani huku Uingereza na mzee mmoja mfupi, akachoka njiani, akaliuza kabla halijakamilika, na aliyelinunua ni jamaa yangu mzaliwa wa Tanga anayeishi Coventry, urefu sentimita 193. Naeleza kwa kirefu kwa sababu watu warefu wanaoyapenda haya magari kila siku wanaambiwa "toa reli za kiti tu utaenea", na wanatoa reli, wanajibana humo ndani, wanaondoka wamefurahi. Kuenea ndani ya gari ni jambo moja na kuwa salama ndani yake ni jambo lingine kabisa, na kwenye hili gari tofauti ilionekana waziwazi tulipoanza kupima.

Kwa asiyeyajua haya magari, Seven ilitoka mwaka 1957, kazi ya Colin Chapman, mtu aliyepigana na uzito maisha yake yote, kwa hiyo gari ni fremu ya mabomba, bati jembamba la alumini, injini mbele, viti viwili nyuma karibu kabisa na ekseli, basi. Watu wengi waliinunua ikiwa vipande wakaiunga wenyewe nyumbani, maana kwa sheria ya Uingereza ya enzi zile gari la vipande lilikwepa ile kodi ya manunuzi. 1973 Caterham wakachukua haki za kuendelea kulitengeneza na wanalitengeneza mpaka leo. Afu kuna tawi la pili, magari yanayoitwa Locost, haya mtu anaijenga fremu mwenyewe kwa skwea paipu za inchi moja, unene kama mm 1.6, na vitu vya ndani anatoa kwenye gari kuukuu, zamani ilikuwa Ford Escort. La jamaa yangu ni hili la pili. Injini ya Ford ya Kent, lita 1.6, ekseli ya nyuma ya Escort, klachi ya waya, breki bila hydrovaki, yaani bila kile kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu.

Sasa tatizo la mtu mrefu kwenye hili umbo linaanzia pale ambapo gari la kawaida halina tatizo. Kwenye gari la kawaida unasukuma kiti nyuma. Hapa nyuma hakuna pa kwenda. Mgongo wa kiti unaegemea ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta kuna ekseli nzima nzima, sio ile ya kukaa kimya bali inayopanda na kushuka kila gurudumu likikanyaga shimo, kwa hiyo lazima iachiwe nafasi ya kucheza, na nyuma yake tena ndo kuna tangi la mafuta. Kuna watu wanauinamisha ule ukuta kidogo wanapata sentimita mbili hivi, kwetu hata hizo mbili zingeifanya propela shafti, fimbo inayopeleka mzunguko wa injini kwenye ekseli, ikaribie bati mno ekseli ikipanda. Tukauacha ukuta kama ulivyo.

Siku ya kwanza mwenye gari alishakuwa na jibu tayari. "Fundi, tatizo ni kichwa tu, tuinue bomba yaishe." Bomba analosema ni ule upinde wa chuma nyuma ya kichwa, unaobeba gari likipinduka. Na kweli, alivyokaa na helmeti yake, ukichukua ufito mnyoofu ukaulaza juu ya lile bomba kwenda mbele, helmeti ilikuwa imetokeza mm 30 juu ya bomba. Yaani gari likipinduka kinachofika chini kwanza ni kichwa. Wamarekani wa SCCA kwenye mashindano yao wanataka bomba liwe juu ya helmeti kwa inchi 2 angalau, hiyo ni mm 50, na mimi naona ni kipimo cha busara hata kwa gari la barabarani, kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mm 80 za kushuka au kupandisha.

Nikamwambia kaka, kabla ya kukata chochote kaa chini tukupime wewe, gari baadae. Tukampima amekaa sakafuni mgongo ukutani, kutoka sakafu hadi utosini sentimita 97. Hapa ndo watu wengi wanajidanganya, urefu wa kwenye pasipoti hausemi chochote kuhusu gari. Kwa watu wengi urefu wa kukaa ni kama nusu ya urefu wote na kidogo juu yake, ila hiyo "kidogo" inatofautiana sana mtu na mtu, na sisi wenye asili ya Afrika mara nyingi miguu ni mirefu kuliko kiwiliwili ukilinganisha na Wazungu wa urefu uleule. Huyu bwana kwa mtu wa 193 kiwiliwili chake sio kirefu hata kidogo. Urefu wake umejificha kwenye mapaja na miundi. Kwa hiyo wakati yeye analalamikia kichwa, tepu ilikuwa inasema kichwa kinatibika, magoti ndo yatatusumbua.

Na kuna jambo la tatu ambalo yeye hakulitaja kabisa kwa sababu halimuumi akikaa. Mkanda. Gari lina mkanda wa pointi nne, zile kanda mbili za mabega zinapita juu ya mgongo wa kiti zinakwenda kufungwa kwenye bomba la kulala huko nyuma. Kwa yule mzee aliyelijenga bomba lilikuwa chini kidogo tu ya mabega yake, sawa. Kwa huyu mabega yako juu ya bomba kwa mm 95, na umbali kutoka bega kwenda bomba ni kama mm 200, ukipiga hesabu kanda inashuka kwa nyuzi 25 hivi. FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, wanasema isizidi 45 na wanapendekeza isizidi 10, na watengenezaji wengi wa mikanda hawataki uvuke 20. Sababu yake ni rahisi na inatisha: gari likigonga, mwili unataka kwenda mbele, kanda inayoshuka kwa nyuma inauvuta mwili chini, na nguvu yote hiyo inapita kwenye uti wa mgongo inaubana kwa wima. Mtu anaweza kutoka kwenye ajali ndogo bila mchubuko usoni na pingili ya mgongo imepasuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari hili lingefaulu ukaguzi hivyohivyo. Huku gari la kujiundia kabla ya kusajiliwa linapitia ukaguzi unaoitwa IVA, na kwenye mikanda wanaangalia kifungio cha juu kisiwe chini ya mm 450 kutoka kwenye kiti. Letu lilikuwa na zaidi ya 530. Kwa hilo lingepita. Lakini ile 450 haimjui mtu anayekaa humo, ni kiwango cha chini tu, na mtu mrefu akiishia hapo atajiona yuko salama wakati hayuko.

Basi tulikuwa na mambo manne mezani: helmeti juu ya bomba, mabega juu ya mkanda, magoti kwenye usukani, na macho. Macho sijayataja bado, fremu ya juu ya kioo cha mbele ilikuwa inapita katikati kabisa ya macho yake, akitaka kuona mbali anainama kama anachungulia dirishani au anajinyanyua anapigwa na upepo wote. Ukiyapanga haya manne utaona matatu yana dawa moja. Helmeti, mkanda, macho, yote yanataka mtu ashuke. Hakuna hata moja linalotaka bomba lipande isipokuwa la kwanza, na ndo maana nilikataa kuinua bomba. Ukiinua bomba umetibu kichwa, mkanda uko palepale, fremu ya kioo iko palepale. Tena kuliinua kwenyewe watu wanafanya vibaya, wanakata miguu ya upinde wanachomeka kipande wanachomelea, na hapo ndipo bomba linapopinda zaidi likielemewa. Kama lazima liwe refu basi litengenezwe jipya zima, bomba lisilo na mshono, FIA kwa upinde mkuu wanataka kipenyo mm 45 kwa unene mm 2.5, au 50 kwa 2, na mihimili yake ya nyuma upya. Sio kuunga.

Kwa hiyo tukaanza na makalio. Hii ndo kauli yangu kwenye kisa chote: mahali makalio yanapokaa ndo panaamua kila kitu kingine kwenye haya magari, pedali, usukani, mkanda, kioo, bomba, vyote vinafuata. Ukianza na pedali kwanza afu ukashusha kiti baadae, utazisogeza pedali mara ya pili.

Mm za kwanza zilikuwa za bure. Chini ya kiti kulikuwa na reli za kusogezea na plaiwudi, jumla mm 38, na reli zenyewe hazina kazi maana kiti hakina pa kwenda, tukatoa vyote tukafunga kiti moja kwa moja kwenye sakafu. Kuifunga huko nako kuna taratibu zake, bolti za kiti zisishike kwenye bati tupu, chini yake kuwe na bomba la kukatiza au bamba nene la kutawanya mzigo. Za mikanda ni zile bolti za inchi 7/16 za uzi wa UNF, usiweke bolti yoyote uliyoiokota kwenye kopo hata kama inaingia.

Halafu sponji. Mzee alikuwa ameweka sponji laini nene, ukikaa inabonyea, ukiingia kwenye shimo inabonyea tena. Watu wanadhani sponji laini ni huruma kwa mgongo, kwenye gari la namna hii ni kinyume, kwenye ajali mwili unapata nafasi ya kushika mwendo ndani ya sponji kabla mkanda haujamkamata, na nyonga zinateleza kwenda mbele chini ya mkanda wa kiunoni, mkanda unaishia tumboni. Tukaweka sponji ngumu ya mm 15. Tulipata mm 20 nyingine. Kuna wanaomimina ile povu ya maji mawili kwenye mfuko wa plastiki na dereva anaikalia mpaka iumuke ishike umbo lake, ni kiti kizuri sana kwa kweli, ila lile povu lina isosayaneti na linatoa joto, kama huna barakoa ya maana na mlango wazi usifanye gereji.

Jumla 58. Tunataka 80, na mimi nilitaka zaidi ya 80 kwa sababu ya mkanda. Zilizobaki ziko kwenye sakafu.

Beseni ndo kazi yenyewe. Sakafu ya gari hili ni bati la chuma limechomelewa chini ya fremu, na lile bati sio pambo, linazuia fremu isijipinde mshazari, ukilikata ukaacha tundu umeilegeza fremu. Mabomba ya chini ya pembeni na yale ya kukatiza hayaguswi, hilo halina mjadala, unakata bati lililo katikati yake tu, chini ya kiti cha dereva, unachomelea beseni la bati la mm 2 linaloshuka mm 45. Kuta za beseni zisiwe wima, tulizikunja kwa mteremko, ya mbele hasa, ili likigusa kitu barabarani lipande juu yake badala ya kukwaa. Na mteremko huohuo wa mbele una kazi ya pili ambayo mtu haioni mpaka akae: bila mteremko bomba la kukatiza linamkata mapajani, baada ya nusu saa miguu inakufa ganzi. Kuchomelea ni vipande vifupi, huku kidogo, kule kidogo, unaacha kipoe, ukivuta weldi moja ndefu bati linajikunja lote. Na kabla ya cheche ya kwanza tangi la mafuta litoke nje ya gari, sio kulifunika na tambara, litoke, betri na oltaneta vitenganishwe.

Mwenyewe aliogopa matuta. Haki yake, kanuni za Uingereza zinaruhusu tuta lifike mm 100, na mitaa ya huku imejaa. Tukapima na yeye akiwa amekaa ndani, sio gari tupu, maana springi zinashuka na mtu. Bomba za chini za fremu zilikuwa mm 140 kutoka chini, beseni linafika 95, na sampu ya injini, kile chombo cha oili chini yake, ilikuwa tayari 90. Kwa hiyo beseni sio kitu cha chini kabisa kwenye gari, sampu bado ndo ya kwanza kugusa. Afu beseni liko karibu na magurudumu ya nyuma, na tuta linakamata gari katikati ya magurudumu, sio karibu na gurudumu, kwa sababu gurudumu lenyewe linakunyanyua. Jambo moja dogo la mwisho, gari hili halina paa la maana na Uingereza inanyesha, beseni litajaa maji, toboa tundu la kutolea maji pembe ya chini uweke kizibo cha mpira.

Jumla sasa 103. Helmeti imekuwa mm 73 chini ya bomba bila kugusa bomba. Bomba la mkanda limekuwa karibu sawa na bega, mm 8 juu, kanda imelala karibu mlalo. Macho yanaangalia kwenye kioo, fremu iko juu yake. Matatu kwa mpigo.

Sasa miguu, na hapa ndo kuna kitu ambacho sijaona watu wakikieleza vizuri. Ukimshusha mtu makalio unamzidishia tatizo la miguu. Fikiria mstari kutoka nyonga kwenda kanyagio, ule mstari ni urefu wa mguu wake, haubadiliki. Nyonga ikiwa juu mstari umelala mshazari, sehemu ya urefu inatumika kushuka. Nyonga ikishuka mstari unalala zaidi na urefu uleule unakwenda mbele, kwa hiyo unahitaji nafasi zaidi mbele, la sivyo magoti yanapanda. Wanaotoa reli na sponji halafu wanashangaa mbona magoti sasa yanagonga dashibodi, sababu ni hii. Aliyepanda daladala ya Hiace siti ya nyuma ya dereva anajua goti likikosa pa kwenda linafanyaje.

Pedali zikasogea mbele mm 70. Kwenye karatasi ni mstari mmoja, kwenye gari ni kazi nyingi kuliko beseni. Boksi la pedali tulilitoa upande wa ndani wa ukuta wa mbele tukalitengenezea kijumba kinachotokeza upande wa injini, na ule ukuta ukaongezewa mihimili, kwa sababu breki hazina hydrovaki, mtu wa miguu ile akikanyaga kwa hofu anasukuma kwa nguvu kubwa sana na ukuta ukijipinda hata kidogo breki inakuwa laini mguuni, dereva anadhani ina hewa. Kuna njia ya mkato watu wanaichukua: wanakata pedali iwe fupi ili mguu upate nafasi, au wanaikunja. Usifanye. Nguvu ya breki za namna hii inatoka kwenye uwiano wa pedali, umbali wa kutoka egemeo hadi unyayo ukigawanya kwa umbali wa kutoka egemeo hadi fimbo ya masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, kwa gari bila hydrovaki unataka kama 5 au 6 kwa 1. Ukifupisha pedali kwa sentimita kadhaa uwiano umeshuka na breki imekuwa nzito bila wewe kujua kwa nini. Ukiisogeza, isogeze nzima na masta silinda yake.

Baada ya hapo kila kilichounganishwa na pedali kikadai chake. Paipu za breki mpya, waya wa klachi mrefu zaidi na njia yake isiwe na kona kali, waya wa mafuta hivyohivyo, oili ya breki DOT 4 na kutoa hewa upya. Na upana, chumba cha miguu cha haya magari kinabanwa upande mmoja na nyumba ya klachi, huyu bwana anavaa kiatu kikubwa, tulipanga pedali kwa kiatu chake halisi, tukamtafutia na kiatu chembamba cha soli nyembamba, kuendesha hili gari na buti za kazini nilimkataza waziwazi.

Jaribio ninalolisisitiza kuliko yote kwenye pedali ni hili. Breki hizi zina njia mbili, njia moja ikivuja pedali inashuka chini zaidi ya kawaida kabla ile ya pili haijashika. Kwa hiyo akiwa amefunga mkanda wote, umekazwa kabisa, tulimwambia akanyage mpaka mwisho kabisa wa safari ya pedali tukiwa tumefungua hewa njia moja, na goti lake lisinyooke likafungika, na vidole visikwame kwenye shafti ya usukani. Kukaa vizuri na breki nzima hakuhesabiki. Siku utakayohitaji ule mwisho wa pedali ndo siku yenyewe.

Usukani ulibaki. Wa mzee ulikuwa mm 350, tukaweka wa 300, magoti yakapata nafasi. Mdogo zaidi ya hapo unakuwa mzito na unakuficha saa za dashibodi, ila gari lenyewe halifiki kilo 600 kwa hiyo 300 inavumilika bila pawa. Shafti tuliinua kwa juu mm 20 tu, tena kwa uangalifu, kwa sababu kila ukiinua unaongeza kona kwenye joini za krosi kule chini, na joini mbili lazima zipangwe pembe zake zilingane, zikipishana usukani unakuwa mwepesi hapa mzito pale kwenye mzunguko mmoja. Ile sehemu ya shafti inayojikunja kwenye ajali hatukuigusa, haikatwi wala haichomelewi, wakaguzi wanaitafuta na wana haki.

Kabla ya kuchomelea chochote, haya yote yalikuwa ni katoni, vipande vya mbao na tepu ya karatasi. Aliikalia ile mbao na helmeti na viatu mpaka akachoka, tunampiga picha kutoka ubavuni, tunabadilisha, anakaa tena. Mwanzoni alikuwa na haraka, "kaka si tukate tu", baadae yeye mwenyewe ndo akawa anasema goti la kushoto linagusa handibreki, hebu tusogeze. Handibreki ikahamia mbele juu ya handaki la propela. Kwenye dakika tano za kukaa kila kiti ni kizuri, mapaja na kiuno yanasema ukweli baada ya nusu saa.

Kuna swali ambalo lazima lijibiwe kwa haki: si angenunua gari kubwa? Caterham wenyewe wana chesi pana inaitwa SV kwa ajili ya watu wakubwa. Na kwa wanaojenga Locost kuna michoro ya +442, maana yake upana umeongezwa inchi 4, urefu inchi 4, kimo inchi 2. Mimi jibu langu liko wazi. Kama hujakata bomba hata moja na wewe ni zaidi ya futi 6 na inchi 2, jenga +442, usijipe shida hii yote, ni siku chache za kuchomelea zilezile. Lakini huyu fremu ilikuwa imekwisha, imepakwa rangi, na gari lilikuwa halijasajiliwa bado, hiyo ilikuwa bahati kubwa kwake, kwa sababu kukata sakafu na ukuta wa mbele kabla ya ukaguzi ni sehemu ya ujenzi, mkaguzi analiona gari jinsi lilivyo. Kwa gari ambalo tayari lina namba mambo ni mengine, DVLA, ofisi ya usajili wa magari ya huku, wanaiangalia sana fremu iliyobadilishwa na bima nao, unauliza kwanza kwa maandishi, grenda baadae.

Upande wa abiria hatukuugusa. Mkewe ana urefu wa kawaida na sakafu ya upande ule inabaki imara kama ilivyokuwa. Na kwa kuwa siku moja gari linaweza kuuzwa kwa mtu mfupi, tulimtengenezea boksi la alumini linaloingia ndani ya beseni na kufungwa kwa bolti, kiti kinapanda mm 45 kikae juu yake, na kwenye boksi la pedali kuna safu mbili za matundu, ya nyuma iko mm 40 kutoka ya mbele. Kifungio cha mkanda bado kitabidi kipimwe upya kwa bega la huyo mtu mpya, nimemwandikia hivyo na alama ya rangi kwenye bomba lenyewe.